Nusu Kidonge cha Mtani

Mama yangu hajui kusema hapana, na watu wa Kilosa wanamsifu kwa hilo mpaka nachoka. Mimi simsifu. Nimekuwa mwanawe kwa miaka arobaini na moja, na naweza kuapa kwamba hapana moja tu, iliyosemwa kwa wakati wake, ingetuepusha na mengi.

Anaitwa Odilia. Ni fundi cherehani, ana kibanda nyuma ya soko, na nadhani nusu ya kwaya za wilaya hii zimeimba zikiwa na sare alizoshona yeye. Babu alitoka Songea akiwa kijana kuja kukata mkonge. Mkonge ukafa, yeye akabaki. Kwa hiyo sisi ni Wangoni wa Kilosa. Kingoni chetu kinaishia kwenye salamu, lakini utani wetu na Wahehe haujapungua hata kidogo.

Filomena alikuwa Mhehe wa Ruaha, kule kwenye miwa. Aliolewa Kilosa, akafiwa na mume Kilosa, akabaki anauza mchele mlango wa tatu kutoka kibanda cha mama. Mgeni akipita pale asubuhi angedhani wale wanawake wanachukiana.

"Mngoni, umeamka? Babu yako alipowaona babu zetu alikimbia mpaka akasahau ngao."

"Hakuisahau. Aliwaachia mpate kitu cha kupepetea."

Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yao. Filomena aliingia kibandani akachukua mkasi, akachukua kipande cha kitenge, akaondoka nacho huku anaimba. Mama naye alichota mchele kwenye gunia la mwenzake bila kumtazama usoni. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeshukuru. Mtani akichukua kitu chako unacheka, unamtukana kidogo, mambo yanaisha. Kumnyima ni jambo ambalo sijawahi kuliona likifanyika, na kwa mama yangu ni jambo ambalo halipo kabisa.

Miaka minne iliyopita mama alianza kuvimba tumbo upande wa kushoto. Kwa kuwa ni fundi, alitanua gauni. Lilipombana tena akalitanua tena. Mimi nafundisha baiolojia sekondari Mikumi, na nilikuwa namwona mara moja kwa mwezi. Nilipomwona amekonda mikono na mashavu huku tumbo linazidi, nilimpakia kwenye gari siku hiyohiyo bila kumwuliza. Tuliishia Dar es Salaam, kwa daktari mmoja kijana anayeitwa Yusrah, ambaye alitueleza kwamba kilichovimba ni wengu na kwamba mama ana saratani ya damu, ile inayokwenda polepole.

Nilijiandaa kusikia habari mbaya. Badala yake Dokta Yusrah akatoa paketi ya vidonge. Imatinib, kidonge kimoja kila siku, pamoja na chakula na glasi nzima ya maji. Vinatolewa bure. Asiruke hata siku moja.

"Mpaka lini?" mama aliuliza.

"Mama yangu, mpaka tutakapozeeka wote," Dokta Yusrah alijibu.

Sasa hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na nalisema waziwazi kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu. Mama alitaka kujua hicho kidonge kinafanya nini. Mwalimu akiulizwa swali kama hilo, mate yanamjaa mdomoni. Nilichukua chaki yake ya kushonea nikachora juu ya meza ya kukatia.

Nilimwambia kwamba ndani ya chembe zake za damu vipande viwili vya vinasaba vilikatika vikaungana vibaya, vikazaa protini ambayo mtu mzima wa afya hana. Protini hiyo haitulii. Inachukua nguvu kwenye kishimo chake, inaipachika kwenye protini ya jirani, jirani naye anaipokea na kuipeleka mbele, na ujumbe unaofika mwisho ni ule ule kila mara: zaaneni. Chembe zinazaana bila kukoma. Kidonge kina molekuli ndogo sana zinazoingia kwenye kile kishimo na kukaa. Protini ipo, haijafa, lakini haipokei nguvu tena, kwa hiyo haina cha kumpa jirani.

"Kama cherehani," nikasema. "Uzi ukikosa kupita kwenye tundu la sindano, mashine unaizungusha, sindano inapanda na kushuka, lakini hakuna mshono. Kidonge kimekaa kwenye tundu. Ndiyo maana saratani haishoni."

Mama alifurahi sana. Aliita watu waone mchoro. Filomena alikuja akautazama, akasema hata Mngoni anaweza kufundishwa akiwekewa picha. Nami nilirudi Mikumi nikijiona mtu wa maana.

Nilisema saratani. Sikusema saratani hii.

Dawa ilifanya kazi, na nilikuwa naisubiri simu ya majibu kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Kipimo kile kinaonyesha ni sehemu gani ya damu bado ina ile hitilafu. Mwanzo ilikuwa asilimia sitini na kitu. Mwaka wa pili ikawa chini ya moja. Mwaka wa tatu ikawa sifuri nukta sifuri tano, na Dokta Yusrah akapiga mwenyewe kutupongeza. Mama alirudisha magauni yake kwenye saizi ya zamani. Macho yalikuwa yanamvimba kidogo asubuhi na misuli ya miguu inamkaza, basi.

Wakati huohuo Filomena alipata uvimbe kwenye titi. Alipelekwa hospitali, akakatwa, akaanzishiwa dawa za dripu. Baada ya dripu ya pili alirudi Kilosa bila nywele, kucha zimekuwa nyeusi, anatapika hata maji. Akasema hatarudi kule, bora afe akiwa anajijua. Bintiye Paulina, anayeishi Ruaha, alibembeleza mpaka akakata tamaa. Mimi nilisikia nikasikitika, nikamtumia pole, nikaendelea na vipindi vyangu.

Kisha kipimo cha mama kikapanda. Sifuri nukta tisa. Miezi mitatu baadaye, asilimia nne nzima.

Sijui niseme vipi hasira niliyokuwa nayo. Tulipanda treni ya umeme kwenda Dar na njia nzima nilikuwa namhoji mama. Unameza kila siku? Kila siku. Na chakula? Na chakula. Nani anakupa miti shamba? Hakuna. Nilikuwa nimeshampiga marufuku balungi kwa sababu nilisoma kwamba linaivuruga dawa hii tumboni, na sasa nikamwuliza habari za balungi mara tatu, mpaka abiria wa kiti cha mbele akageuka kutazama ni mama gani huyu anayenyanyaswa kwa sababu ya tunda.

Dokta Yusrah alimwuliza kwa upole kuliko mimi. "Mama Mathias, kuna siku umeruka? Usiogope, watu wanaruka."

"Sijaruka hata siku moja," mama alisema, na akamtazama machoni.

Ulikuwa ukweli mtupu. Hakuruka hata siku moja.

Dokta akaeleza kwamba huenda protini imebadilika umbo. Kile kishimo kikibadilika hata kidogo, molekuli haikai tena, na chembe zenye kishimo kipya ndizo zinazobaki na kuzaana. Damu ingepelekwa mbali kuchunguzwa, majibu yangechukua wiki kadhaa. Ikithibitika, atahamishiwa dawa nyingine yenye madhara kwa moyo, na kama hiyo nayo itashindwa, basi.

Nikatoka pale nikaenda dirisha la dawa kugombana. Nilimwambia mfamasia, mzee mtaratibu wa watu, kwamba vidonge vyao ni feki au vimechomwa na jua ghalani. Alinionyesha tarehe, akanionyesha chumba chenye ubaridi, akanipa kiti. Nikamlaumu mama kwa kuweka paketi karibu na pasi ya mkaa. Nikanunua kasha la plastiki. Nikampigia simu jirani mmoja wa mama kumkataza asimpe mlonge, na yule jirani akaniambia hajawahi kuwa na mlonge maishani mwake. Nililala vibaya, nilifundisha vibaya, niliwafokea watoto wa kidato cha tatu kwa kosa la kuuliza swali.

Jumamosi moja sikumwambia mama kwamba nakuja. Nilitoka Mikumi asubuhi na nikafika kibandani saa saba mchana.

Walikuwa wamekaa kwenye mkeka nyuma ya meza, yeye na Filomena. Katikati kulikuwa na ugali, mlenda na dagaa. Filomena alikuwa amekwisha sana, kitambaa kichwani, mkono mmoja umevimba. Mama alikuwa ameshika wembe wa kufumulia. Juu ya kipande cha kitambaa cheupe aliweka kidonge, akakigawa katikati, taratibu kama anakata kola. Nusu akaiweka upande wa Filomena, nusu akaiweka upande wake.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama Paulina," nikasema, kwa sababu hata mtu akiwa na hasira ya kuua, shikamoo inatangulia.

"Marahaba," wakajibu wote wawili. Mama hakuficha wembe.

"Tangu lini?"

"Tangu Kwaresma," alisema Filomena. "Nilikuja nikakichukua mwenyewe. Nilimwambia, Mngoni, una dawa ya saratani unaila peke yako kama mchawi? Ye akasema tugawane. Mimi nilikuwa nimetaka chote." Akacheka, akakohoa.

Miezi kumi na moja. Nilihesabu pale nilipokuwa nimesimama. Miezi kumi na moja, na mimi nilikuwa natukana wafamasia.

Sikuwa mpole, na sitajisingizia upole. Nilichukua chaki nikachora tena, na safari hii nilichora michoro miwili. Nikamwambia Filomena kwamba protini inayokamatwa na kidonge hiki iko kwenye damu ya mama, na kwenye titi lake yeye haiko. Saratani yake inaendeshwa na protini nyingine, zinazopeana nguvu kwa njia nyingine. Molekuli inaingia mwilini mwake, inazunguka, haikuti mahali pake, inatoka kwenye mkojo.

"Sindano zote zina tundu," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Sindano ya mashine ya overloki inaingia kwenye cherehani yako ya miguu?"

Akageuka kuitazama mashine yake. Fundi hawezi kubisha hapo.

"Na wewe," nikamgeukia, "nusu haitoshi kujaza vishimo vyote. Vinavyobaki wazi vinaendelea kushona. Umekuwa unailisha saratani yako kila siku mchana, na mtani wako hajapata kitu. Mnagawana kifo tu."

Filomena aliitazama ile nusu iliyokuwa mbele yake kwa muda. Kisha akaisukuma kwa kidole upande wa mama, akajifunga khanga vizuri, akainuka kwa kushika meza. Hakusema neno la utani. Nilimfahamu tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kumwona akitoka kwenye kibanda kile bila kuacha tusi.

Alipokwisha kwenda nilidhani mama angelia. Hakulia. Alianza kukusanya vyombo.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba haimsaidii. Baada ya miezi mitatu tu nilishajua. Uvimbe ulikuwa unarudi, alinionyesha."

Nilikaa chini.

"Dawa ile hailiwi tumbo likiwa tupu, si ulisema mwenyewe? Kwake alikuwa hali kabisa, Paulina akileta chakula kinaoza. Akija hapa kumeza nusu yake, anakula. Kila siku alikula kwa ajili ya kidonge. Ningemwambia haifai, angekuja kula kwa ajili ya nini?"

"Ungemwambia haifai, angerudi hospitali."

"Hukumwona aliporudi kutoka kule."

"Mama, angerudi hospitali. Miezi kumi na moja. Ulimpa sababu ya kutokwenda."

Akaacha vyombo. Nilikuwa nimemwambia kitu ambacho, nadhani, alikuwa amekwisha kujiambia mara nyingi akiwa peke yake kwenye cherehani, ila hajawahi kukisikia kwa sauti ya mtu. Nilipata hasira na huruma kwa pamoja, na hasira ikashinda. Nikamwambia atampigia Dokta Yusrah mbele yangu. Akakataa. Eti itakuwa kumwaibisha Filomena, ataonekana mwizi wa dawa. Hapana ya kwanza niliyowahi kuisikia kutoka kinywani mwake, na alikuja kuitumia kwangu.

Nikampigia mimi. Dokta Yusrah akasema hakuwa amelikisia hilo hata kidogo, na kwamba tungekuwa tumebadilishiwa dawa bila sababu. Kidonge kizima kila siku, tuone. Mama hakusema nami kwa wiki sita. Akipokea simu alikuwa anampa fundi mwenzake anisalimie.

Paulina alimpeleka mama yake hospitali wiki ileile. Niliwasindikiza hadi mapokezi, maana sikuweza kukaa Mikumi nikiwa na yale maneno yangu. Wakampima. Saratani ilikuwa imefika kwenye ini na mifupa. Walimpa dawa za maumivu, wakampa tarehe ya kurudi, na kwa namna nesi alivyoiandika ile tarehe, bila haraka, nilielewa.

Majibu ya mama yakaja kwa mafungu. Kwanza ule uchunguzi wa mbali: protini haijabadilika umbo. Baada ya miezi mitatu ya vidonge vizima, kipimo kikashuka chini ya moja. Baada ya miezi sita, sifuri nukta sifuri nane. Niliposomewa namba hiyo nilikuwa ofisini kwa walimu, nikaweka kichwa juu ya madaftari nikakaa hivyo. Simu iliyofuata, siku nne baadaye, ilikuwa ya Paulina.

Tulimzika Filomena kwao Ruaha, saa tisa mchana, kijua kikali juu ya miwa. Padri alimaliza, ndugu wakainua jeneza kulitoa uani. Nilijua mama atafanya kitu, kwa sababu ni mtani, na mazishi ya Mhehe bila Mngoni wa kuyavuruga hayajakamilika. Alikuwa amevaa khanga ya Filomena ya kuuzia mchele, na kopo la kupimia mkononi. Akatoka mbele ya wabebaji, akakaa chini katikati ya njia, miguu ameinyoosha.

"Huyu haendi popote," alisema. "Arudishe kwanza vidonge vyangu."

Watu wakaanza kucheka. Ndiyo kazi ya mtani, kuwachekesha wafiwa. Kaka wa marehemu, mzee Kornelio, akajibu kama inavyotakiwa: "Vidonge gani tena, Mngoni? Marehemu hana madeni."

"Vyangu vya damu. Nusu kila siku, miezi kumi na moja. Huyu Mhehe amekula uhai wangu, na mwone sasa, hata haukumtosha."

Walicheka zaidi. Mama mmoja alijishika kiuno. Paulina hakucheka, alikuwa anamtazama mama yangu.

"Basi tukupe nini utupishe?" mzee Kornelio aliuliza. "Tukupe kuku?"

"Sitaki kuku. Mwamsheni aniambie kwa nini sikumnyima."

Wakacheka tena, ila safari hii kicheko kilikatika mapema. Wabebaji walikuwa wanahamisha mzigo begani. Mzee Kornelio alinitazama, akitaka nimtoe mzazi wangu njiani. Nilimwendea, nikamshika mkono, nikasema, "Mama, inuka." Akatikisa kichwa. Mkono wake ulikuwa una nguvu, mkono wa mtu mwenye afya.

Nikakaa chini pembeni yake, kwenye vumbi, maana mimi pia ni Mngoni. Jeneza likasubiri.